Beki tatu ni nani?

Katika uwanja wa CCM Kirumba, beki tatu ni mlinzi wa upande wa kushoto. Jina lilitokana na namba za jezi: kipa moja, beki wa kulia mbili, wa kushoto tatu. Siku hizi anaweza kuvaa namba yoyote, ila nafasi yake bado tunaiita tatu.

Mitaani, neno hilohilo humaanisha dada wa kazi. Wengi hulisema kwa utani tu. Lakini dada huyo ana jina, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhesabu mfanyakazi kama wengine, mwenye haki ya mshahara na mapumziko. Kwenye matangazo yetu, beki tatu tunamwacha uwanjani. Nyumbani, tumwite kwa jina lake.