Ndoo Moja kwa Nne

Miche ya nyanya ikianza kulala kitaluni, shina limenywea pale linapogusa udongo, ujue kinyausi kimeingia. Anayekileta mara nyingi ni kimelea aitwaye Pythium, ambaye vijidudu vyake huogelea kwenye unyevu wakifuata kemikali zinazovuja kutoka kwenye mbegu inayoota.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipopanda matango kwenye mchanganyiko wenye mboji ya nyungunyungu waliona shambulio hilo likizuiliwa. Bakteria wa mboji huivamia mbegu mapema na kubadili kile inachokivujisha, kimelea akakosa cha kufuata. Mboji ileile ikiuawa viumbe wake kwa joto, kinga hupotea. Kwa hiyo wewe unayechoma udongo wa kitalu, choma udongo peke yake, uache upoe kabisa, ndipo uchanganye mboji. Ukivichoma pamoja unateketeza hicho hasa ulichokihangaikia.

Kosa la pili ni tamaa. Mboji ni nzuri, basi trei ijazwe mboji tupu! Clive Edwards na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walijaribu viwango mbalimbali, na mara nyingi miche ilistawi zaidi mboji ilipokuwa kati ya asilimia 10 na 40 ya mchanganyiko, hata pale mimea yote ilipolishwa mbolea ya kutosha. Maana yake faida haitokani na virutubisho tu. Mboji hii ina asidi za humiki na vitu vinavyofanya kazi kama homoni za mimea. Ikizidi sana, chumvi hupanda, maji hutuama na mizizi hukosa hewa.

Mimi napendekeza ndoo moja ya mboji iliyochekechwa kwa ndoo nne za vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi. Kwa watu wa pwani, makumbi yapo tele.

Nyungunyungu wanaofaa ni wale wekundu wa samadi, Eisenia fetida, si wale wachimbao shambani. Joto likipita nyuzi 35 hufa, ndiyo maana mboji yao haipati moto wa kuua mbegu za magugu. Kwa hiyo samadi ilundikwe kwanza ichemke hadi nyuzi 55 kwa siku tatu au zaidi, huku ikigeuzwa ili kila sehemu ipate joto. Ikishapoa, wape.