Redio ya Japani, Muziki wa Mfukoni

Magari mengi ya mitumba yanayotembea katika barabara za Kenya, Tanzania na Uganda yalitengenezwa kwa ajili ya dereva wa Japani, na ni vigumu kupata sehemu ya gari inayoitangaza asili hiyo zaidi kuliko redio. Usukani ulio kulia hauna ugeni katika nchi hizi zinazoendesha upande wa kushoto, na injini hainung'uniki inapotiwa mafuta ya Mombasa au Dar es Salaam. Lakini redio iliyofungwa kiwandani, ambayo mafundi huiita redio orijino, huendelea kutafuta vituo vya Tokyo na Osaka, huandika kwenye kioo chake maneno ya Kijapani ambayo mwenye gari hawezi kuyasoma, na katika magari ya miaka ya 1990 na ya mwanzoni mwa karne hii huwa na mlango wa kaseti, au hata wa zile diski ndogo ziitwazo MiniDisc, ambazo Sony ilizitoa mwaka 1992 na ambazo Afrika Mashariki ilizipita bila kuzijua. Mwenye gari, kwa upande wake, ana nyimbo zake zote katika simu, au katika kicheza muziki cha mkononi cha jamii ya iPod, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2001 na ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2022. Swali lake ni namna ya kuzifikisha nyimbo hizo kwenye spika za gari bila kuing'oa redio iliyokuja nalo.

Ili jibu lieleweke, ni lazima ifahamike kwamba kile kinachoitwa redio ya gari ni vyombo kadhaa vilivyokaa katika sanduku moja. Kuna vyanzo vya sauti, yaani kipokezi cha mawimbi, kisoma kaseti na kisoma diski. Kuna swichi ya ndani inayochagua chanzo kimoja kwa wakati mmoja. Na kuna amplifaya, yaani saketi inayoikuza sauti hafifu iliyochaguliwa mpaka iwe na nguvu ya kuzitikisa spika. Redio za miaka ya karibuni zina tundu la AUX, ambalo ni mlango uliowekwa makusudi kwa ajili ya chombo chochote cha nje. Redio kongwe haina mlango huo, na swichi yake haimtambui mgeni asiye miongoni mwa vyanzo ilivyozaliwa navyo, kwa hiyo njia zote zinazotumika ni hila za kumvisha mgeni vazi la mwenyeji: muziki wa simu hujifanya kituo cha redio, au kaseti, au sanduku la kubadilishia diski. Ubora wa sauti hutegemea zaidi umbali uliopo kati ya mahali hila inapofanyika na amplifaya, kwani kila hatua ambayo sauti hulazimika kupita huipunguzia kitu.

Hila inayopendwa zaidi, kwa sababu ni rahisi na haihitaji fundi, ni ile ya transmita ya FM, yaani kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara, kikapokea muziki kutoka simu, flashi au memori kadi, kisha kikaurusha hewani kama kituo kidogo cha redio chenye nguvu ya kufika mita chache tu. Katika gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, dereva huchagua masafa yasiyo na kituo, akaiweka transmita na redio hapohapo, na kazi ikawa imekwisha. Katika gari la Japani mambo si mepesi hivyo. Masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, hupimwa kwa megahezi, na kila megahezi ni mitetemo milioni moja. Vituo vya FM vya Afrika Mashariki, kama vya sehemu kubwa ya dunia, hurusha kati ya megahezi 87.5 na 108, ilhali Japani ilivitengea vituo vyake megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa sehemu iliyo juu ya hapo ilitumiwa na chaneli za televisheni za analojia mpaka matangazo hayo yalipozimwa kabisa mwaka 2012. Baada ya hapo Japani ilivifungulia vituo vya redio nafasi hadi megahezi 95, lakini mabadiliko hayo hayakuzifikia redio zilizokwisha kuwamo ndani ya magari. Kwa hiyo redio ya gari la mwaka 2005 na anga la Nairobi hukutana katika kipande cha megahezi mbili na nusu tu, kati ya 87.5 na 90, na kipande hicho katika miji mikubwa kimejaa vituo vyenye nguvu.

Dawa ya kawaida ni ekspanda, kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Ndani yake mna saketi inayotoa wimbi lake lenyewe la masafa yasiyobadilika. Wimbi hilo linapochanganywa na lile linaloingia kutoka kwenye antena, hutokea wimbi jipya ambalo masafa yake ni tofauti kati ya hayo mawili, na hivyo vituo vyote husogezwa chini kwa kipimo kilekile. Ekspanda inayoshusha kwa megahezi 20 hukileta kituo cha Capital FM cha Nairobi, kinachorusha katika 98.4, kwenye nambari 78.4 ya redio ya Kijapani, na ndiyo sababu abiria mgeni hushangaa kuona nambari moja kwenye kioo na kumsikia mtangazaji akitaja nyingine. Ni vyema ikafahamika pia kwamba ekspanda haitendi miujiza, kwa maana megahezi 20 za anga la huku haziwezi kuenea katika megahezi 14 za redio ya kule, kwa hiyo kituo kilicho kwenye 93, kwa mfano, kikishushwa kwa 20 huangukia 73, chini ya mwanzo wa redio, na kukisikia huwa haiwezekani mpaka itafutwe ekspanda ya kipimo kingine.

Anayenunua transmita bila kuijua hesabu hiyo hukata tamaa bure. Ikiwa gari lina ekspanda ya megahezi 20, transmita iliyowekwa kwenye 104 itasikika redio ikiwa kwenye 84, wala si kwenye 104 ambayo redio haina kabisa. Ikiwa gari halina ekspanda, ipo njia nyingine inayougeuza upungufu kuwa faida: zipo transmita zinazoweza kushuka hadi megahezi 76, na kwa kuwa vituo vya FM vya huku havirushi chini ya 87.5, dereva hupata uwanja mpana usio na kituo hata kimoja, jambo ambalo mwenye gari la Ulaya aliye katikati ya jiji hawezi kulipata. Umuhimu wa uwanja mtupu unatokana na tabia ya FM yenyewe, kwani mawimbi mawili yanapokutana katika masafa yaleyale, kipokezi hulishika lenye nguvu zaidi na kuliacha jingine. Ndiyo maana transmita iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam huweza kumezwa na kituo cha mji mwingine gari likikaribia Morogoro, na wimbo ukageuka mahubiri au matangazo ya sabuni. Zaidi ya hayo, matangazo ya FM hukata sauti nyembamba zilizo juu ya mitetemo 15,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata katika hali nzuri kabisa muziki hupoteza ung'avu kidogo, ingawa katika gari linalonguruma juu ya barabara ya changarawe ni wachache watakaoutambua upungufu huo.

Redio yenye mlango wa kaseti, ambayo wengi huidharau, kwa kweli ina bahati. Katika kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, muziki huhifadhiwa kama alama za sumaku juu ya utepe wenye upana usiofika milimita 4, na utepe huo hupita mbele ya hedi, yaani kisomeo chenye koili ndogo, ambayo huyageuza mabadiliko ya sumaku kuwa umeme. Kaseti ya kuunganishia ina umbo la kaseti ya kawaida lakini haina utepe. Badala yake ina hedi yake yenyewe, inayotazamana na ile ya redio, na waya mwembamba unaotoka nje hadi kwenye simu. Umeme wa muziki ukiingia katika hedi hiyo hugeuka sumaku inayobadilika, na hedi ya redio huisoma kana kwamba utepe unapita. Kwa kuwa hapa hakuna anga wala masafa, ekspanda haihusiki, na sauti mara nyingi huishinda ile ya transmita. Kinachosumbua ni mitambo: redio zenye uwezo wa kugeuza upande wa kaseti zenyewe huhisi kwamba magurudumu hayazunguki inavyopasa, zikadhani utepe umekwisha, zikageuza upande au kuitema kaseti, na ndiyo sababu kaseti nzuri za kuunganishia zina gia ndogo za kuyazungusha magurudumu hayo. Hedi iliyokaa miaka mingi bila kutumika husafishwa kwanza kwa pamba na spiriti.

Anayetaka sauti safi zaidi hana budi kufungua dashibodi. Baadhi ya redio orijino zina soketi ya nyuma iliyokusudiwa kwa ajili ya sanduku la kubadilishia diski, ambalo zamani lilifungwa kwenye buti au chini ya kiti, na vipo vifaa vinavyochomekwa hapo na kuitolea redio soketi ya simu au ya flashi. Redio haifungui njia hiyo ya sauti mpaka ipate ishara kwamba sanduku lipo na limejibu, kwa hiyo kifaa hulazimika kuzungumza lugha ya mtengenezaji. Toyota ina yake iitwayo AVC-LAN, na kampuni nyingine zina zao, hivyo kifaa cha gari moja hakifai kwa jingine hata kama plagi zinaingiana. Pale ambapo soketi hiyo haipo, fundi wa umeme wa magari mwenye mkono mwepesi huweza kuchomea nyaya mbili za sauti ndani ya redio, baada ya kisoma kaseti na kabla ya amplifaya, kisha redio ikaachwa icheze kaseti tupu huku muziki ukiingia kutoka nje. Njia hii hutoa sauti bora kuliko zote zilizotajwa, lakini mafundi wanaoifanya vizuri ni wachache kuliko wanaodai kuiweza, na redio iliyochomewa vibaya haina mahali pa kurudishwa.

Njia yoyote ya waya ikichaguliwa, matatizo mawili hujirudia. La kwanza ni kiwango cha sauti, kwani tundu la hedifoni la simu lilikusudiwa kusukuma spika za masikioni na huweza kutoa umeme mwingi kuliko unaotarajiwa na redio, hivyo sauti ya simu ikipandishwa hadi mwisho hukwaruza, na ikishushwa mno humlazimisha dereva kuipandisha redio pamoja na mvumo wake. Robo tatu ya kiwango cha simu ni mahali pazuri pa kuanzia. La pili ni ule mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, ambao hutokea simu inapochajiwa kutoka kwenye soketi ya gari huku ikitoa muziki kwa waya. Simu huwa imeunganishwa na bodi ya gari, ambayo mafundi huiita eithi, kwa njia mbili kwa pamoja, na kelele za alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, huzunguka katika kitanzi hicho na kuingia kwenye sauti. Uthibitisho wake ni mwepesi: waya wa chaji ukichomolewa na mluzi ukanyamaza, kosa limejulikana, na kinachotakiwa ni kichujio kidogo chenye transfoma mbili, kinachopitisha muziki huku kikizitenganisha eithi hizo.

Simu zenyewe zimeongeza fumbo, kwa kuwa nyingi zimeacha kuwa na tundu la milimita 3.5, kama iPhone ilivyofanya mwaka 2016. Adapta ya bei ndogo inayochomekwa kwenye tundu la USB-C hufanya kazi kwa simu fulani na kukataa kwa nyingine, kwani baadhi ya simu hutoa sauti iliyo tayari na nyingine hutoa tarakimu tu, ambazo hudai adapta yenye kigeuzi ndani yake. Kipokezi cha Bluetooth kilichounganishwa na kaseti au na nyaya zilizochomewa huliepuka fumbo hilo lote.

Wapo watakaoamua kuing'oa redio na kununua mpya Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, na uamuzi huo una mantiki yake, ila katika baadhi ya magari redio imeungana na vitufe vya kiyoyozi au na kamera ya nyuma, na vitu hivyo haviondoki bila gharama. Tahadhari kubwa zaidi inahusu redio za Toyota zenye ramani: betri ikitolewa, nyingi hujifunga na kuonyesha nambari ya ERC, zikadai msimbo ambao mwenye gari hakupewa, na nyingine hukataa kufanya kazi memori kadi ya ramani ikichomolewa ili kutiwa nyimbo. Kanuni ya kutenganisha waya hasi wa betri kabla ya kugusa nyaya ni sahihi, lakini katika magari hayo ni lazima ijulikane kwanza kama redio itaamka tena. Kazi ikimalizika, majaribio hufanywa kabla ya dashibodi kufungwa, injini ikinguruma na taa zikiwaka, kwa sababu kelele nyingi hazijitokezi gari likiwa kimya. Na kama tarajio la aliyebadilisha redio lilikuwa kuinyamazisha ile sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani kila gari linapowashwa, basi itamlazimu kutafuta kwingine, kwani mara nyingi sauti hiyo hutoka katika kisanduku cha ETC cha kulipia barabara, chenye spika yake yenyewe, na kinacholalamika kwamba kadi yake haijaingizwa.