Je, Wajua? Rangi ya Taa Si Kinga

Mwaka 2009, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vitanda vya taa, ambavyo Wazungu hulalia ili ngozi iwe ya kahawia, kundi moja na tumbaku: visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Watetezi wa vitanda hivyo hudai rangi hiyo huikinga ngozi kabla ya likizo ya ufukweni. Sivyo. Ngozi hubadilika rangi kwa sababu seli zake zimekwisha kuumizwa na mionzi, na kinga ipatikanayo ni hafifu mno. Na vitamini D, ambayo pia hudaiwa kupatikana humo, je? Taa nyingi hutoa hasa miale ya UVA, ilhali vitamini hiyo huhitaji UVB, aina nyingine ya miale. Samaki wenye mafuta au vidonge huileta bila hatari hiyo. Brazili ilivipiga marufuku vitanda hivyo kwa urembo mwaka huohuo wa 2009, na ilifanya vyema kutongoja vijana wake waugue.