Tabo Iliyoharibika: Ikaguliwe Kabla Haijafungwa

Tabo ya injini ya dizeli ni kifaa cha kubebeka mkononi, lakini gharama yake yaweza kumeza mapato ya wiki nyingi ya mwenye lori au basi dogo. Katika gereji za Mbagala, Tandika, Tegeta na Mwenge, si ajabu kukuta tabo ya mtumba ikisubiri kufungwa, au mpya iliyogongwa ikiwa safarini. Tunamshauri mnunuzi azitafute kasoro wakati kifaa kingali mezani. Kikishafungwa na kuharibika, muuzaji humlaumu fundi, fundi humlaumu muuzaji, na mwenye gari hubaki katikati bila ushahidi.

Kwa nini kasoro ndogo ni jambo kubwa

Moshi wa ekzosi huzungusha feni ya kwanza. Shafti moja huiunganisha feni hiyo na ya pili, ambayo husukuma hewa ndani ya injini. Shafti hiyo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa mwendo huo, panga moja la feni lililopinda huvuruga mizani, hula beringi, na mwishowe vipande vya chuma vyaweza kuingia katika injini. Aidha, tabo inayovujisha oili nyingi upande wa hewa yaweza kuifanya injini ya dizeli iiunguze oili hiyo na kupanda kasi bila kukanyagwa mafuta, hata kuzima swichi kusisaidie. Hapo kilicho hatarini si fedha pekee, bali pia maisha ya watu.

Mambo ya kukagua dukani

Mnunuzi aende na tabo ya zamani, alinganishe namba za kibati, matundu ya bolti na njia za oili. Kisha aikague mpya au ya mtumba penye mwanga wa kutosha:

1. Mapanga ya feni zote mbili yawe kamili, bila pengo, mkunjo wala alama ya kugongwa.
2. Feni izunguke kwa kidole bila kukwama, na mapanga yasiguse ukuta wa nyumba yake.
3. Shafti ikisukumwa kando, mtikisiko mdogo ni wa kawaida, kwa kuwa oili haimo. Ikivutwa mbele na nyuma na mwendo ukahisika wazi, beringi imekwisha.
4. Njia za hewa zisiwe zimelowa oili, na matundu ya oili yasiwe na masizi yaliyoganda.
5. Nyumba ya upande wa ekzosi isiwe na ufa uliopenya.

Panga lililopinda halinyooshwi kwa koleo, wala halisawazishwi kwa tupa. Feni hizo hupimwa mizani kwa mashine maalumu. Fundi asiye na mashine hiyo asikubaliwe kuifungua shafti. Tabo iliyofanyiwa matengenezo inunuliwe kwa dhamana ya maandishi.

Chanzo kitafutwe kwanza

Tabo hufa mara nyingi kwa sababu iliyo nje yake: oili chafu, bomba la oili lililoziba, au uchafu uliopita kwenye filta ya hewa. Kufunga nyingine bila kuondoa sababu hiyo ni kununua hasara ile ile mara ya pili. Oili na filta zake zibadilishwe, bomba la kupeleka oili lisafishwe au libadilishwe, na mabomba ya hewa yatolewe vipande vyote vya chuma. Gundi ya silikoni isipakwe penye njia za oili, kwani kipande chake chaweza kuziba tundu. Itumike gasketi mpya. Kabla ya kuwasha, oili safi imiminwe ndani ya tabo. Injini ikishawaka iachwe ingurume taratibu kwa dakika chache bila kupandishwa kasi.

Ukikuta kasoro

Usifunge. Piga picha kifaa, boksi na namba zake, tunza risiti ya EFD, kisha umjulishe muuzaji bila kukawia, ikiwezekana kwa maandishi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameipokea. Hata hivyo, akiikaa nayo kupita muda unaofaa bila kusema neno, huhesabiwa ameikubali. Vilevile, aliyeikagua kabla ya kununua hawezi kutegemea sharti la ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo, kukagua kwa haraka haraka ni kujinyima kinga.

Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, historia yake, au kuiita mpya ilhali imetumika. Bango la dukani lisemalo mali ikishauzwa hairudishwi halimpi muuzaji ruhusa ya kusema uongo. Kwa hiyo mwombe aandike kwenye risiti kama tabo ni mpya, ya mtumba au iliyotengenezwa upya, pamoja na namba yake na muda wa dhamana. Akikataa kuandika anachokitamka kwa mdomo, hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda duka jingine. Mkishindwa kupatana juu ya bidhaa uliyokwisha kununua, peleka malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na risiti, picha na kifaa chenyewe ambacho hakijafungwa.

Dakika chache za kuzungusha feni kwa kidole mbele ya muuzaji huokoa injini nzima, na humwepusha mnunuzi na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.