Kilo, Kijiko na «Kwa Mia»: Wakati wa Kupima na Wakati wa Kukadiria



Munganga akikuambia, «Mtoto huyu amepoteza 10 kwa mia ya uzito wake», umesikia nini? Wamama wengi wanaitika «ndiyo», halafu wakifika inje wanaulizana. Lakini neno hili si geni kwako. Ukinunua nyanya 100 na ukakuta 10 zimeoza, umepoteza 10 kwa mia. Ukinunua nyanya 50 na 5 zimeoza, ni vilevile 10 kwa mia, hata kama zilizooza ni chache. «Kwa mia» inauliza hivi tu: kama vyote vingekuwa mia, vingapi vimepotea?

Sasa tupeleke hesabu hiyo kwa mwili. Mama wa kilo 60 akihara na kupoteza kilo moja ya maji, haifiki hata 2 kwa mia. Atasikia kiu, atachoka, pengine ataenda shambani vilevile. Mtoto wa kilo 10 akipoteza ile ile kilo moja, ni 10 kwa mia. Na mtoto wa kilo 5? Kwake nusu kilo inatosha, ndiyo kusema glasi mbili na nusu za maji, nayo inaweza kutoka kwa siku moja. Ndiyo maana usijipime wewe na kusema, «Hata mimi nilihara juzi, ilipita yenyewe.»

Kwenye 5 kwa mia hivi, macho ya mtoto yanaanza kuingia ndani, anahangaika, anataka maji sana. Karibu na 10 kwa mia analegea, anashindwa kunywa, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole sana. Huyo hapana kumngojea asubuhi. Umlete usiku ule ule, na njiani uendelee kumnyonyesha kama anaweza.

Kuna pahali pamoja ambapo kupungua hakutuogopeshe. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kupunguka gramu 200 hivi katika siku za kwanza, yaani karibu 7 kwa mia. Ni kawaida. Akinyonya vizuri anarudia uzito wake kabla ya wiki mbili kwisha. Bibi yake atasema maziwa hayatoshi, apewe maji ya sukari. Umjibu kwa heshima, lakini usimpe. Akipita 10 kwa mia, yaani gramu 300 kwa mtoto huyo, hapo tunapaswa kumwona.

Tuje kwa SRO, ile dawa ya paketi kwa mtoto anayehara. Hapa ndipo kupima kunaokoa ao kunaharibu. Paketi nyingi tunazogawa ni za litri moja. Soma yako ao uombe mtu akusomee, kwa sababu ziko pia ndogo. Litri moja ni litri moja. Chupa kubwa ya bia, ambayo iko karibu katika kila nyumba, hata ile isiyokunywa pombe, maana tunaitumia kwa mafuta, haifiki robo tatu ya litri. Ukimwaga paketi nzima ndani yake, ni kama kutia chumvi ya sahani nne kwenye sahani tatu za sombe. Kila sahani inapata theluthi zaidi, yaani 33 kwa mia juu ya ile inayotakiwa. Sombe ya namna hiyo utaisukuma pembeni. Mtoto mwenye kiu hawezi kuchagua, atakunywa. Chumvi nyingi inavuta maji kutoka ndani ya mwili wake, na inaweza kumletea degedege. Ukitia maji mengi kupita litri, hatari ni ndogo, lakini dawa haina nguvu.

Basi ufanye hivi. Siku ya kupimisha mtoto, uje na chombo chako cha nyumbani: chupa, kopo, sufuria ndogo, hata kile kilichokunjamana. Tutatia ndani litri moja kamili, na wewe utachora alama kwa msumari pale maji yanapofika. Alama hiyo utakaa nayo miaka. Kama uko na chupa ya plastiki ya litri moja na nusu, ujue litri ni theluthi mbili zake, si «karibu kujaa».

Paketi ikikosekana, sukari na chumvi vinaweza kusaidia mpaka ufike kwetu: litri moja ya maji safi, vijiko 6 vya kawa vya sukari, na nusu ya kijiko cha kawa cha chumvi. Vijiko hivyo ni vya kusawazisha kwa kisu, visiwe na kilima juu. Kilima cha sukari hakiumizi haraka kama kilima cha chumvi.

Lakini wakati wa kunywesha, hapana kusumbuka na hesabu. Mtoto asiyefika miaka 2 apate robo mpaka nusu ya glasi kila anapohara; aliyepita miaka 2, nusu mpaka glasi nzima. Umpe kidogo kidogo. Akitapika, ungoje dakika 10, uendelee. Hapa jicho la mama linatosha. Kuchanganya ni kwa kipimo, kunywesha ni kwa kukadiria. Wengine wanageuza: wanahesabu matone mdomoni, lakini litri wanaibahatisha!

Kwa siro, utumie kile kijiko ao kikombe kidogo kilichotoka na dawa. Kijiko cha kawa cha kipimo ni mililita 5. Kijiko cha supu ni 15. Aliyepotea njia kati ya vijiko hivyo viwili amempa mtoto dawa mara tatu. Na vijiko vya jikoni havilingani vyenyewe kwa vyenyewe, hata vile vilivyonunuliwa pamoja.

Kinini za malaria zinafuata kilo, si miaka. Kwa ile dawa ya artemeta na lumefantrini, ya vidonge vidogo vya watoto, mtoto wa kilo 5 mpaka 14 anapewa kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 3. Wa kilo 15 mpaka 24, viwili viwili. Kwa hiyo mtoto wa kilo 9 na mwenzake wa kilo 12 wanapata sawasawa, hatuhitaji gramu zao. Aliye karibu na 15, huyo ndiye anahitaji balansi, si macho. Na yule anayeanza kucheza siku ya pili, mama akaficha dawa iliyobaki kwa ajili ya mdogo wake, amekunywa mara 4 kati ya 6. Ni 67 kwa mia tu. Malaria inaweza kurudi, na mdogo naye hatapona kwa kinini mbili.

Juu ya balansi, tuseme wazi. Ile ya kutundika ina alama kila gramu 100. Mwezi jana uliandikiwa 7,3, leo 7,2, na moyo unaanguka. Pengine leo amekojoa mbele ya kupimwa, pengine siku ile alivaa sueta. Gramu 100 peke yake haisemi kitu. Angalia mstari wa fishi kwa miezi miwili ao mitatu: unapanda, umelala, ao unashuka? Ukilala, uulize. Na mbele ya kumtundika mtoto, angalia kama sindano iko kwenye 0. Kama haiko, sema. Hakuna muuguzi mwenye haki ya kukukasirikia kwa neno hilo.

Utepe wa mkono ni kinyume. Pale milimita mbili ziko na kazi. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka kufika miaka 5, chini ya sentimita 11,5 ni nyekundu: umlete leo. Kutoka 11,5 mpaka chini ya 12,5 ni manjano. Pima katikati, kati ya bega na kiko, mkono ukining'inia. Usikaze mpaka nyama ikunjane, usiachie nafasi ya kidole.

Mwisho, surua. Mama mmoja na mwingine wanauliza, «Mtoto wa jirani alichanjwa, juu ya nini ameugua?» Chanjo ya miezi 9 inakinga karibu watoto 85 kati ya 100. Huyo ni mmoja wa wale 15. Wasiochanjwa kabisa, surua ikiingia nyumbani, wengi sana wanaipata. Katika Kongo yetu, ile ya 2018 mpaka 2020 iliua zaidi ya watu 7000, na wengi wao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Kwa ajili ya wale 15 kuna dozi ya pili. Karibu wote wanaipata kinga hapo. Tarehe yake utaulizia kwenye meza ya fishi, mbele ya kwenda.