Pilipili Kando ya Sahani: Ulimi wa Mgeni Mjini Kisangani

Mjini Kisangani, kwa kawaida, pilipili haichanganywi na chakula cha watu wote. Iwe ni nyumbani Mangobo au kwenye kibanda cha mama wa chakula karibu na Soko Kuu, sombe, yaani majani ya muhogo, huja peke yake, samaki huja peke yake, na pilipili hukaa kwenye kisahani chake. Imetwangwa na chumvi, pengine na kitunguu na nyanya kidogo, pengine imepitishwa motoni katika mafuta ya mawese. Wako wapishi wanaotumbukiza pilipili nzima chunguni ili mchuzi upate harufu, lakini huitoa kabla haijapasuka. Ukali ni hiari ya mlaji. Mwenyeji atakuuliza, "Papa, unakula pilipili?" Ukisema huli, kisahani kinasogezwa kwa jirani yako na mazungumzo yanaendelea.

Desturi hii inaufaa mji wa wageni, na Kisangani ni mji wa wageni tangu zamani. Meli zinazopanda mto kutoka Kinshasa, safari ya kilomita zipatazo 1,700, hukomea hapa kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma. Asiyeweza kuendelea hushuka, na aliyeshuka huhitaji kula. Wagenya walikuwa hapa na nasa zao za kuvulia samaki kwenye maji yanayochemka baina ya miamba. Walokele walikuja na mitumbwi ya biashara. Wakafuata Waungwana (wafanyabiashara Waislamu wa pwani) kutoka mashariki, Wabelgiji, Wagiriki, Wahindi, kisha Wanande kutoka Butembo. Kila kundi lilikuja na ulimi wake, na kila kundi lilikosa kitu. Ukichunguza walichokikosa na walichofanya baada ya kukikosa, utaona kanuni moja: kiungo kilichokubali kuota au kutengenezwa hapa kimekuwa mali ya mji; kile kilichotegemea meli kimebaki hamu ya mgeni.

Tuanze na Waungwana. Februari 1887, mjini Zanzibar, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, alikubaliana na Henry Morton Stanley kuwa liwali wa Stanley Falls, kama maporomoko ya Boyoma yalivyoitwa wakati huo, kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Akasafiri kwa meli kuzunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo, akapanda nao mpaka kwenye maporomoko. Watu wake walikuwa hapa miaka kadhaa kabla ya cheo hicho, katika biashara ya pembe na ya watumwa, na alama zao bado zinaonekana: misikiti, Kiswahili, kanzu, na wali.

Mtu wa pwani anajua wali wake ulivyo: nazi ikunwe, tui likamuliwe. Huku msituni minazi haikuwako, ila michikichi ilikuwa kila mahali. Mpunga ulikubali udongo, nazi haikupatikana, basi wali wa Boyoma, yaani Kisangani, ukazoea kwenda na mawese, na maharage, na samaki wa mto. Baadaye serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wakulima kulima mpunga pamoja na pamba, na nchi zinazouzunguka mji, Isangi, Opala, Ubundu na Bafwasende, zikajulikana kwa mchele. Leo mtoto wa Kisangani anayekula wali na sombe hana habari kwamba kuna mtu aliyewahi kula sahani kama hiyo akisikitikia nazi. Kizazi cha kwanza kilisikitika. Cha tatu kilikuwa kimeshapata ladha yake.

Pilipili nayo, tunayoiona kama mwenyeji wa asili, ni mgeni mwenzetu. Ilitoka Amerika kwenye meli za Wareno pamoja na muhogo na mahindi, ikapenya bara kutoka mkono hadi mkono. Ilidumu kwa sababu haihitaji chombo wala fundi: ndege humeza mbegu, huzidondosha, na mche huota nyuma ya jiko. Chumvi ilikuwa shida zaidi. Kabla ya chumvi ya bahari kufika kwa wingi, watu wa bonde la Kongo walichoma majani ya mimea ya majini, wakachuja majivu, wakachemsha yale maji mpaka ikabaki chumvi ya kijivu yenye uchungu kidogo. Chumvi nyeupe ilipofika kwa meli, ile ya majivu ilirudi nyuma, ila ujuzi wake haukufutika wote.

Wabelgiji wa Stanleyville, kama mji ulivyoitwa hadi 1966, walikuwa na hamu za namna nyingine. Haradali, siagi ya mkebe, matango ya siki, vyote vilipandishwa mto kwa meli vikauzwa katika maduka ambayo mengi yalikuwa ya Wagiriki na Wareno. Mfano wa kuchekesha wa enzi hiyo ni wa mwaka 1951, pale mwongozaji John Huston alipokuja kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu. Mwigizaji wake Humphrey Bogart hakutaka kujaribu chakula cha msitu wala maji yake: alishikilia maharage na asparagasi za mkebe pamoja na wiski, na yeye na Huston wakasalimika wakati wenzao wengi walikuwa wakiugua tumbo. Katharine Hepburn, aliyekunywa maji badala ya wiski, aliugua sana; miaka mingi baadaye alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, mwaka 1987. Bogart alikula kwao akiwa kwetu. Aliondoka na afya yake, ila sidhani kama alipata kujua samaki wa Kisangani ana ladha gani.

Kisha maduka yakafungwa, moja baada ya jingine. Uhuru ulikuja 1960. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliushika mji, na Novemba 24 askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka. Wazungu wengi wakaondoka baada ya hapo. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe wananchi, na wenye maduka wa Kigiriki, wa Kireno na wa Kihindi waliokuwa wamebaki wakafungasha. Wagiriki wachache walivumilia, na klabu yao bado ina jina mjini. Lakini rafu za vyakula vya Ulaya hazikujaa tena kama zamani.

Kitu kimoja cha Wabelgiji hakikuondoka nao: mayonezi. Kwao ni jambo la sheria. Amri ya kifalme ya 1955 ilitaka mayonezi iwe na mafuta angalau asilimia 80 na kiini cha yai angalau asilimia 7.5. Kwetu ni jambo la bakuli na mkono usiochoka. Kiini cha yai huwekwa kwanza, mafuta hufuata kwa matone huku ukipiga, ndimu mwishoni. Ukiharakisha mafuta, inakatika na umepoteza mayai. Kwa kuwa mayai yapo, mafuta yapo na ndimu ipo, mayonezi haikuhitaji tena meli. Siku hizi huliwa kwenye mkate, kwenye viazi vya kukaanga, na hata kando ya nyama ya mbuzi wa kuchoma, ikichanganywa na pilipili yetu. Haradali, kwa kuwa mbegu yake hatulimi, mpaka leo ni kitu cha kununua dukani.

Vita vilitupima tena. Kuanzia Agosti 1998 mji ulikuwa mikononi mwa waasi na majeshi ya nchi jirani, na njia ya mto kwenda Kinshasa ikafungwa. Juni 2000 Rwanda na Uganda zikapigana ndani ya mji kwa siku sita. Katika miaka ile hakuna aliyelilia mayonezi. Watu walililia chumvi. Ilifika kwa ndege, ikasambazwa vijijini kwa baiskeli. Vijana wa toleka, wale wanaobeba watu na mizigo kwa baiskeli, walisukuma magunia ya chumvi na sabuni kwenye njia za msituni, wakarudi na mchele na madumu ya mawese. Bibi aliyekumbuka jinsi ya kuchuja majivu alikuwa na faida kuliko mwenye kumbukumbu za maduka ya Wagiriki.

Leo wageni walio wengi sokoni ni watu wa mashariki. Barabara ya Taifa namba 4, inayopita Bafwasende na Niania hadi Komanda na Beni, imeleta wafanyabiashara wa Kinande pamoja na mizigo yao. Mtu aliyekulia kwenye milima ya Butembo, kwenye baridi na ukungu, anafika Kisangani anakuta joto, mikungu ya ndizi na samaki. Kinachomkosesha raha kwanza si nyama, ni vile vifungu vya majani vinavyotia harufu kwenye maharage ya kwao: pwaro na seleri. Huku havistawi kama mlimani. Kwa hiyo hupanda lori pamoja na viazi, vitunguu na kabichi, na vikifika vimenyauka nusu. Mama muuzaji huvinyunyizia maji, huondoa majani ya nje yaliyogeuka manjano, huvifunga upya vidogo zaidi. Mnunuzi anajua ujanja huo, anaomba matabisi, yaani nyongeza, mama anaongeza jani moja, kila mtu anaridhika. Wenyeji wa Boyoma waliokuwa wakiyaita majani hayo chakula cha watu wa milimani sasa wanayatia kwenye mchuzi wa samaki. Barabara ikiharibika kwa mvua, wanaolalamika ni wote.

Upande wa pili wa habari hii uko Ulaya. Huko Brussels, katika manispaa ya Ixelles karibu na Porte de Namur, kuna mahali panapoitwa Matonge, jina la mtaa wa Kinshasa. Katika maduka ya chaussée de Wavre mtu wa Kisangani hupata sombe iliyogandishwa, kwanga, makayabu, safu na pilipili. Lakini sasa yeye ndiye Mbelgiji wa Stanleyville: anategemea kinachoshushwa na ndege, anakilipia ghali, na hakioni kikiota. Mawese aliyopelekewa na dada yake huganda ndani ya chupa wakati wa baridi, inabidi aisimamishe chupa kwenye maji ya moto kabla ya kupika. Jambo la kushangaza ni kwamba amekuta wenzake katika hamu hiyo: Wabelgiji wazee waliowahi kuishi Kongo bado wanapika kuku wa mwambe, na mchuzi wa pilipili si kitu kigeni kwenye meza za Ubelgiji. Hamu ilivuka bahari kwenda na kurudi.

Walioko Marekani wamefuata kanuni ileile ya zamani. Katika bustani za New Roots, zinazoendeshwa na shirika la International Rescue Committee, wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanapanda lenga-lenga (mchicha) wakati wa joto na kuivuna kabla ya theluji. Pilipili nayo haina makuu: hukubali hata kopo la udongo dirishani. Michikichi haitaota Texas wala Brussels, kwa hiyo mawese yatabaki kuwa hamu; lakini mboga na ukali vimeshapata uraia.

Ndiyo maana kumfungia msafiri mzigo ni sehemu ya adabu yetu. Mkono mtupu haulambwi. Anayeelekea uwanja wa ndege wa Bangboka hupokea vifurushi vya watu, vingine hata hajui vinakopelekwa: fumbwa iliyokaushwa, mbika iliyomenywa, samaki wa moshi aliyefungwa kwa gazeti na utepe wa kunata, chupa ya mawese iliyozibwa kwa nailoni chini ya kifuniko. Yaya anayepeleka mzigo haulizi kama mdogo wake huko ana pesa za kununua. Anajua zinamtosha. Anachopeleka ni ladha ya mkono wa nyumbani, ambayo maduka ya Matonge hayaiuzi.

Sasa neno kwa wenye kutuma. Kwa anayeingia Umoja wa Ulaya, forodha hukataza msafiri kuingia na nyama au maziwa kutoka nchi kama yetu, na nyama ya porini ikikamatwa hutupwa na mbebaji huenda akatozwa faini. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, wakiwa wabichi wawe wametolewa matumbo. Tangu Desemba 2019 matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Basi usimtie ndugu wa watu matatani kwa fungu la pilipili mbichi. Ianike mpaka ikauke kabisa, itwange, ifunge vizuri, uandike jina la mwenye mzigo juu yake; samaki awe mkavu, na nyama ya porini ibaki nyumbani.