Ala ya Jambia: Tazama Kabla ya Kununua



Kila msimu wa harusi unapokaribia hapa Omani, wazazi huja kutuuliza juu ya jambia la kumvisha bwana harusi. Wengi hutazama mpini tu. Sisi huwanasihi waanze na ala na mshipi, kwani huko ndiko ustadi wa fundi unakodhihirika, na huko ndiko mnunuzi anakodanganyika.

Kiini cha ala ni mbao iliyochongwa na kuvishwa ngozi. Juu huwekwa bamba la fedha lenye nakshi. Kisha hufuata pete, nne au saba, ambazo baadhi yake hushika mshipi. Katikati ngozi hutariziwa kwa nyuzi za fedha, na nchani hufungwa kifuniko cha fedha. Pete saba ni alama ya jambia la Saidi, linalonasibishwa na ukoo wa watawala wa Aal Said, ambao Wazanzibari hawahitaji kuelezwa habari zake.

Ala njema hutambulikana hivi. Chomoa jambia: litoke bila ya kukwama, na likirudishwa lisichezecheze. Geuza ala nyuma, pasipo na mapambo, uone mishono: iwe sawasawa na imekazwa, wala isiwe gundi peke yake. Ikunje ngozi ya mshipi kidogo. Ikiwa inapasuka rangi, huenda hiyo si ngozi bali ni plastiki iliyopakwa. Nyuzi nazo zisichomoke ukizipitishia kidole.

Mmoja wetu hakuyafanya hayo. Alinunua dukani jambia lililong'ara, kwa bei iliyomfurahisha. Siku ya harusi ya mwanawe, wageni wakiwa wamekwisha kaa, gundi ikaachia na ala ikaanguka miguuni mwa bwana harusi. Likaletwa mbio jambia la marehemu babu, lililorudi pamoja naye kutoka Unguja. Lilikuwa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki miaka mingi, na ngozi yake ilikuwa imeota ukungu. Likapanguswa, likavaliwa hivyo hivyo. Baadaye fundi alibadilisha ngozi na kuirejesha fedha ile ile mahali pake. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya lile la dukani.

Basi, ndugu zetu, msilifungie jambia la wazee katika plastiki, wala msilianike juani. Livisheni kitambaa kikavu cha pamba, na mlitoe lipate hewa mara kwa mara. Likiharibika, mpelekeeni fundi wa mkono.

Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wa jambia la Omani katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haishoni ngozi. Fundi huishi kwa kazi tunayompelekea, na mwanafunzi wake hujifunza kwa kazi hiyo hiyo.

Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wetu wote, na awarehemu waliotuachia amana hizi. Amin.